Muulize Sista: Mgonjwa akinyamaza ghafla usimpite

Mwezi huu sanduku limejaa maswali ya mtihani wa leseni ya uuguzi, na mengi ni ya ule NCLEX wa Marekani ambao na Kanada karibu yote wanautumia. Kilio ni kile kile, sista nimesoma mpaka macho yanauma, dawa nazijua, magonjwa nayajua, nikikaa kwenye mazoezi nachagua jibu siyo. Nimetoa barua chache tu, zile ndefu nimezikata maana kuna mtu kaanza na historia ya ndoa yake mpaka nikasahau alikuwa anauliza nini, na nimejibu kama ninavyojibu vijana wangu wodini, yani bila kupaka rangi.

Shikamoo sista. Mi ni nesi mwaka wa 6 kazini. Nimekutana na swali la wagonjwa wanne, nani umwone kwanza. Wa kwanza ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni 90 kwa mia. Wa pili katoka kwenye upasuaji jana, maumivu 7 kwa 10. Wa tatu ana pumu, kwenye ripoti ya zamu kifua kilikuwa kinapiga filimbi sana, sasa hivi hakisikiki kitu na anasinzia. Wa nne ana kisukari anasubiri kufundishwa kujichoma insulini aende nyumbani. Nimechagua wa kwanza nimekosa, nikasema basi wa pili, nimekosa tena. Mbona wa pumu si ametulia jamani? - Nesi wa zamu ya usiku

Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye neno "ametulia" ndo umepotelea.

Filimbi ya pumu inalia kwa sababu kuna hewa inapita kwenye njia iliyobana. Hewa ikiisha kupita filimbi inalia na nini? Kifua kilichokuwa kinapiga kelele kikanyamaza ghafla bila dawa iliyoeleweka, na mgonjwa mwenyewe anaanza kusinzia, huyo hajapona, huyo kachoka kupumua, kaboni dayoksaidi inampanda kichwani, na dakika zake zinahesabika. Angekuwa amepata nafuu ungemkuta amekaa, anaongea sentensi nzima bila kukata, anakuomba maji.

Sasa huyo wa COPD. Wengi wa wagonjwa hawa tunawalenga oksijeni ya 88 mpaka 92, kwa hiyo 90 kwake ndo nyumbani, ndo alivyozoea, na ukimpandishia mpaka 99 ili roho yako wewe itulie unaweza kumharibia. Wa maumivu 7 ana haki yake ya dawa na atapata, lakini maumivu siku moja baada ya kupasuliwa ni kitu unachokitegemea. Wa insulini anaweza kusubiri hata nusu saa akasoma gazeti.

Umeona lakini wewe ulisoma namba, mtihani ulikuwa unauliza mabadiliko. Kila ukipewa wagonjwa wanne jiulize huyu hali yake ndo niliyoitegemea kwa ugonjwa wake au hapana, na ilikuwaje saa iliyopita. Yule aliyebadilika ndo wa kwanza, hata kama ndo mpole kuliko wote wodini, tena hasa kama ndo mpole.

Sista mambo. Hizi keisi za mgonjwa mmoja maswali sita zinanimaliza. Nikifika swali la tatu nimeshachanganyikiwa, chati ina manesi wameandika, vipimo vya maabara, historia, maagizo ya daktari, sijui nishike wapi. Naomba unipitishe hata moja taratibu. - Kijana wa mwaka wa mwisho

Poa kijana, na nakupitisha kweli maana hii ndo sehemu yenye nyama.

NCSBN, wale wanaoutunga huo mtihani, walianza na mtindo huu mpya Aprili 2023. Keisi ina maswali sita kwa sababu wamegawanya akili ya nesi vipande sita: kuona dalili za maana, kuziunganisha, kuamua tatizo lipi ndo linalotisha zaidi, kufikiria la kufanya, kulifanya, na kuangalia kama limesaidia. Ukisoma hivyo kama orodha inaonekana kitu kigeni, lakini ukweli nesi mzuri anafanya yote sita ndani ya dakika mbili akiwa amesimama pembeni ya kitanda, wao wamempunguzia spidi tu.

Chukua mama wa miaka 46, katolewa kizazi asubuhi. Chati inasema 1400, yani saa 8 mchana kwa hesabu yetu (na zoea kusoma saa hizo haraka, usije ukapoteza dakika unahesabu vidole): presha 126/78, mapigo 84, pumzi 16, mkojo kwenye katheta 45 ml kwa saa, maumivu 4 kwa 10. Saa 10 jioni: presha 118/82, mapigo 112, pumzi 22, mkojo 22 ml, maumivu 6, ngozi ya baridi. Nesi kaandika "mgonjwa anahangaika, anavuta shuka, anasema ana wasiwasi, bandeji kavu."

Swali la kwanza watakuuliza zipi za kufuatilia. Hapa watu wanadaka maumivu 6 na bandeji kavu. We shika zile zilizotembea pamoja: mapigo yamepanda, pumzi imepanda, mkojo umeshuka chini ya 30, ngozi baridi, na kuhangaika. Kuhangaika usikudharau, ubongo ukipungukiwa damu ndo huwa wa kwanza kulalamika na haujui kusema napungukiwa damu, unasema nina wasiwasi.

Swali la pili, zinaelekea wapi. Presha bado inaonekana nzuri, 118, na hapo ndo mtego wenyewe, maana mtu mzima anaweza kupoteza karibu 30 kwa mia ya damu yake kabla ile presha ya juu haijaanguka, mwili unabana mishipa na kukimbiza moyo ili kuificha hasara. Angalia tofauti ya juu na chini, saa 8 ilikuwa 48, saa 10 imekuwa 36. Imebana. Ukiona hivyo hujahitaji kusubiri 80/50 ili uamini.

La tatu watakupa wasiwasi wa kawaida, maumivu, maambukizi, kutokwa damu ndani. Maambukizi saa chache baada ya upasuaji ni mapema mno. Damu ndani ndo jibu, na bandeji kavu haikanushi kitu, damu ya tumboni haina haja ya kupitia kwenye bandeji, na ya ukeni inateleza kwenda mgongoni, kwa hiyo ingiza mkono chini ya kiuno uangalie shuka na pedi. Kwenye majibu utakuta "angalia chini ya mgonjwa", wengi wanaipita kwa sababu inaonekana ni ya kizamani.

La nne na la tano ni vitendo, na hapa mtihani unapima kama unajua mikono yako inaishia wapi. Unabaki na mgonjwa na kuita msaada, unamlaza chali na miguu juu kidogo, oksijeni, unahakikisha dripu inapita vizuri kwenye sindano kubwa, maji kwa maagizo yaliyopo, daktari wa upasuaji anaarifiwa sasa hivi na siyo kwenye raundi, damu inaandaliwa. Morfini kwa ajili ya ile 6? Hapana kwanza, itamshusha presha na kukufungia macho, utamwona ametulia kumbe anaondoka.

La sita, imesaidia? Mapigo yanarudi chini ya 100, mkojo unapita 30 kwa saa, ngozi inapata joto, anakujua na anajibu. Usichague "anasema anajisikia nafuu" peke yake.

Nikuambie kitu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandikia mama mmoja wa namna hii "anahangaika kwa sababu ya dawa ya usingizi" nikaenda kugawa dawa za saa 12. Nesi mkubwa wa zamu akapita, hakusoma hata chati, akamshika kidole gumba cha mguu, akaniangalia tu. Kidole kilikuwa baridi kama cha maiti. Yule mama alirudishwa ndani akashonwa upya na akaishi, lakini mpaka leo nikiingia kwa mgonjwa wa upasuaji mkono wangu unaanzia mguuni wenyewe bila kuuambia.

Dada nilifundishwa tathmini kwanza ndo uchukue hatua. Sasa kwenye swali la damu nimechagua kupima presha nikaambiwa kosa. Mgonjwa anaongezewa damu, dakika ya 10 anasema kiuno kinamuuma, anatetemeka, joto limetoka 36.8 mpaka 38.7. Hiyo kanuni inafanya kazi lini na lini haifanyi? - Nimechoka

Pole, na kanuni siyo mbaya, umeitumia mahali ambapo kazi yake imeshaisha. Swali lenyewe limekufanyia tathmini, limekupa maumivu ya kiuno, kutetemeka, joto, na muda. Ukienda kupima presha unapima huku damu isiyomfaa inaendelea kuingia tone kwa tone. Funga damu kwanza. Alafu mshipa usiuache ufunge, weka normo salaini, yale maji ya chumvi ya dripu, kwa mrija MPYA, maana ule wa zamani una damu ile ile ndani yake na ukiusukuma kwa maji umemwongezea. Ndo unapima sasa, unaita daktari, unarudia kusoma jina la mgonjwa na lebo ya chupa, unawaarifu maabara. Chupa na mrija vinarudi maabara pamoja na sampuli za damu na mkojo, kwa hiyo asitokee mtu wa usafi akavitupa. Na ndo maana tunasema zile dakika 15 za kwanza nesi haondoki pale kitandani.

Ile tathmini kwanza unaitumia swali likiwa na njaa, yani limekupa kidogo. Mgonjwa anasema "sijisikii vizuri" basi. Mgonjwa anasema mkono wenye dripu unauma. Hapo ukikimbilia kung'oa dripu au kupiga simu umeruka, angalia mkono kwanza, umevimba, una baridi, mwekundu, unachuruzika? Kwa kifupi jiulize, nikipima kitu kingine nitabadilisha uamuzi? Kama hapana, fanya.

Habari sista. Mimi nimezoea kifafa cha mimba, magnesiamu salfeti, ile dawa ya kuzuia degedege, naijua nje ndani, kabla ya dozi inayofuata pumzi ziwe angalau 16. Sasa kitabu cha mazoezi cha Marekani kinasema 12. Nani mwongo? - Mkunga

Hakuna mwongo mama. Hiyo 16 ndo ya mwongozo wa WHO, kabla hujarudia dozi pumzi angalau 16 kwa dakika, goti liitike, mkojo angalau 30 ml kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Vitabu vya Marekani vinaweka mstari kwenye 12 na hapo wanaongelea sumu, ukiona chini ya hapo ni dharura. Kwa hiyo kwenye mtihani wao pumzi 10 ni simamisha bila mjadala, na 14 usiseme ni sumu moja kwa moja, angalia vingine vilivyoandikwa pembeni yake. Wodini kwako fuata mwongozo wa kwako, usipeleke kitabu cha mtihani kazini.

Lakini mi ningekuwa wewe ningekaza macho kwenye goti kuliko pumzi. Magnesiamu ikizidi, kinachopotea kwanza ni ile kuruka kwa mguu ukigonga chini ya goti, pumzi inafuata baadaye. Goti likinyamaza umepewa onyo wakati bado una nafasi. Na mkojo ni mlango, dawa inatokea kwenye figo, mkojo ukiwa 20 kwa saa hata dozi sahihi inajikusanya mwilini ikawa sumu. Mtihani unapenda sana hii, wanakupa pumzi 16 nzuri kabisa, presha imeshuka vizuri, mama amelala "kwa amani", goti halipo, mkojo 18. Simamisha dripu, alafu dawa ya kuiondoa makali ni kalsiamu glukoneti, gramu 1 yani ml 10 za ile ya asilimia 10, taratibu kwenye mshipa, na iwe imeshawekwa karibu tangu unaanza siyo uikimbilie stoo.

Sista kwa nini "mjulishe daktari" karibu kila siku ni jibu la kosa? Si ndo usalama? Na mwalimu wetu mwingine anasema ukikwama chagua daktari. - Mwenye mashaka

Mwalimu huyo msalimie. Siyo kwamba kupiga simu ni kosa, kosa ni kupiga simu huku mikono yako ina kazi ambayo haijafanyika.

Mgonjwa siku ya 5 baada ya upasuaji wa tumbo kakohoa, anakwambia "nimesikia kitu kimeachia", unafunua unakuta utumbo umetoka nje. Ukikimbia kwenye simu umemwacha na utumbo unakauka hewani. Unabaki naye, unapaza sauti mwenzako ampigie daktari, we unachukua shashi safi isiyo na vijidudu iliyoloweshwa normo salaini unafunika, unamkunja magoti na kuinua kichwa kidogo ili tumbo lisivutike, hakuna kitu mdomoni maana anarudi theata. Kusukuma utumbo ndani hapana, hata kama unaona unaingia kirahisi.

Sasa geuza. Mzee anatumia digoksini ya moyo na furosemaidi ya kukojoza maji. Umesikiliza moyo dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne, umepata 52. Hajala tangu jana, anatapika, anasema taa zina duara la njano. Potasiamu 3.0. Hapa hakuna cha shashi wala cha kumgeuza, unazuia ile dozi na unampigia daktari, na simu ndo tiba yenyewe. Furosemaidi imemkojoza potasiamu, na potasiamu ikishuka digoksini inamng'ata moyo hata kwa dozi ile ile aliyokuwa anavumilia mwezi jana. "Daktari ameandika" haikulindi, dawa iliyoandikwa ikitoka mkononi mwako ni yako.

Na ukipiga simu usiseme "daktari mzee wa kitanda cha 4 hayuko vizuri". Sema hali ilivyo sasa, sema historia kwa sentensi moja, sema unavyoona wewe, sema unachotaka. "Mapigo 52, anatapika na anaona njano, potasiamu 3.0, yuko kwenye digoksini na furosemaidi, nahisi digoksini imezidi, nimezuia dozi ya asubuhi, naomba kipimo cha digoksini kwenye damu, ECG ya moyo na maagizo ya potasiamu." Sekunde 20. Maswali ya mtihani kuhusu mawasiliano yanafuata mpangilio huo huo.

Sista hili limenigusa. Mgonjwa wa sonona wiki mbili halali, hali, analia. Siku ya 15 kaamka kaoga, anatabasamu, kagawia wenzake vitu vyake, anamwambia nesi "hamtasumbuka na mimi tena." Nimechagua "mpongeze kwa maendeleo." Kosa. Jibu lilikuwa kumuuliza kama anafikiria kujiua. Kweli unamuuliza mtu hivyo hivyo usoni? Si utampa wazo? - Mdogo wako

Hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, "unafikiria kujiua?" Humpi wazo, wazo analo yeye, we unampa mtu wa kuambiwa. Akisema ndiyo unauliza amepanga vipi na hicho kitu anacho karibu, na hapo haachwi peke yake hata chooni.

Mtu aliyezama kwenye sonona hata kupanga kufa hana nguvu, nguvu zikianza kurudi, mara nyingine dawa zimeanza kumwinua mwili kabla hazijainua moyo, ndo wakati wa hatari. Na wapo wanaotulia kwa sababu wameshaamua, mzigo wa kuamua umeisha. Kugawa vitu, kuaga kwa mafumbo, furaha ya ghafla. Soma tena barua ya yule wa pumu hapo juu, ni mgonjwa mwingine kabisa lakini kosa mlilofanya ni moja.

Kwenye majibu ya namna hii mengine kataa haraka: lile linalompa matumaini hewa, "usijali yatapita", lile linalouliza "kwa nini" kama polisi, na lile linalobadilisha mada au kumtupia mwanasaikolojia wakati yeye kakuchagua wewe.

Sista kugawa kazi. Kwetu kila mtu anafanya kila kitu. Nani nimpe nini? - Kaka nesi

Kaka hapo sahau unavyofanya kazi kwa siku moja, shika sheria ya kitabu. Kutathmini, kufundisha, kupanga, na kuamua kama tiba imefanya kazi hivyo vinne havitoki mkononi mwa nesi mwenye leseni kamili, na mgonjwa anayeyumba naye hatoki. Nesi wa ngazi ya chini yake mpe mgonjwa ambaye unajua kesho atakuwaje. Msaidizi mpe kuogesha, kupima mkojo, presha ya mtu aliye imara, kumsindikiza anayetembea vizuri tayari.

Mitego inakaa pembeni ya neno moja. Kulisha ni kazi ya msaidizi, kulisha mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa SIYO. Kutembeza mgonjwa sawa, kumtembeza mara ya kwanza baada ya upasuaji hapana.

Yale ya "chagua yote yanayofaa", nisipokuwa na uhakika si bora nitiki yote? - Mjanja

Ujanja huo wameshauziba. Zamani ukikosa kimoja umepoteza swali zima, tangu Aprili 2023 kuna alama za nusu nusu, lakini kwa haya ya kuchagua yote kila tiki sahihi ni kuongeza moja na kila tiki ya kosa ni kutoa moja, isipokuwa haushuki chini ya sifuri. Ukitiki sita na sahihi ni tatu umebaki na sifuri. Kila mstari usome kama swali la ndiyo au hapana peke yake, usiulinganishe na wenzake, na usijiwekee kwamba lazima ziwe tatu.

Lile swali lenye umbo la tai ya shingoni nalo usiliogope, katikati unaweka tatizo, kushoto vitendo viwili, kulia vitu viwili vya kufuatilia. Anza katikati. Watu wanaanza kushoto kwa sababu macho yamezoea kusoma huko, wanachagua vitendo vizuri vya ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Sista kompyuta imezima kwenye swali la 85. Nimelia kwenye gari mpaka dereva kaniuliza nimefiwa. Nimefeli eeh? - Wa jana

Pole sana mwanangu, na sijui mimi na hajui yeyote anayekuambia anajua. NCLEX ya RN, yani ya nesi mwenye leseni kamili, ina maswali 85 mpaka 150 ndani ya saa 5, na 15 kati yake ni ya majaribio hayahesabiwi na huwezi kuyatambua. Kompyuta inakupa swali kulingana na ulivyojibu lililopita, inazima ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 uko juu ya mstari au chini yake. Kwa hiyo wapo wanaozimiwa 85 wamepita na wapo wanaozimiwa 85 hawajapita, na ile hisia kwamba yalikuwa magumu mno siyo kipimo maana mtu anayefanya vizuri ndo anaongezewa ugumu.

Acha kukumbuka maswali na kuyatafuta majibu yake usiku, tena ulisaini kutoyasimulia. Subiri majibu rasmi kutoka kwa bodi ya uuguzi. Yakija mazuri niandikie. Yakija mabaya utapewa karatasi inayoonyesha kila eneo kama uko juu, karibu au chini ya mstari, ilete hapa tuisome pamoja, na kurudia ni baada ya siku 45, ingawa bodi nyingine zinakuweka zaidi ya hapo.